Glasi Tupu, Mtaa wa Lavalle

Darasa lilikuwa juu ya duka la vifungo vya nguo.
Ngazi thelathini na moja, ya tisa imeoza;
tulijifunza kuiruka kabla hatujajifunza lolote.
Buenos Aires, Julai, baridi ya kung'ata masikio,
na Bi Hinde Perelmuter ametupangia glasi mezani,
tupu, kavu, kazifuta kwa pindo la sketi.

"Kunyweni chai."

Tukanywa. Tukapuliza, tukafumba macho,
Ruben Iturralde akasema "aah" kama mtangazaji wa redio.
Bi Hinde akamtazama
kama utazamavyo mvua inyeshee nguo ulizoanika.
"Chai yako haina uzito, kijana. Unakunywa sifa."

Kihispania chake kilichechemea,
Kiyidi chake kilikolea chumvi,
na Kirusi alikiweka akiba kwa ajili ya hasira.

Alitusimulia vipande vipande, miezi mingi,
huku akitafuta miwani iliyokuwa kichwani pake:
mamake aliigiza maghalani, huko Bessarabia,
watu saba, farasi mmoja, koti moja.
Nje jekundu, la mfalme;
ukiligeuza, bitana matambara, la ombaomba.
Mwanzoni unatawala, usiku ukikua unaomba mkate,
na jasho la kwapani ni lile lile.
"Sauti ifike nyuma," mama alimwambia.
"Yule wa benchi la mwisho kauza vitunguu vyake aje akuone.
Usimnong'oneze. Amelipa."

Kisha Moscow, chumba chenye jiko la vigae,
na Arkadi Venediktovich, mwalimu mwenye kikohozi,
aliyemkalisha kitini wiki tatu
mpaka akaacha kukaa kama mtu anayetazamwa.
"Punguza," Mrusi alisema. "Punguza tena.
Huzuni usinionyeshe. Tafuta ufunguo uliopotea,
tafuta kwelikweli,
huzuni itaingia yenyewe, kama paka."

Mama, paza. Mwalimu, punguza.
Wanasema mshika mawili moja humponyoka.
Bi Hinde aliyashika yote mawili;
kilichomponyoka ni usingizi.

Nami, Nelida, binti wa fundi bomba Barrientos,
nilidhani nimeelewa.
Zamu yangu ilipofika nikalikumbuka jeneza la bibi,
nikalia machozi ya kweli, hata Ruben akanyamaza.
Bi Hinde akanipa leso.
"Mazuri. Ni yako, nenda nayo nyumbani.
Sasa: glasi ni ya moto. Unaishika wapi?"

Unaishika wapi.

Ukingoni. Ncha za vidole viwili.
Nikabana kati ya meno kipande cha sukari
ambacho hakikuwepo, nikavuta taratibu,
na kitu kikapita kooni.

Hakunisifu. Alisogeza kiti chake karibu kidogo.

Ukumbi wao ulifungwa mwaka uliofuata; sasa panauzwa magodoro.
Watazamaji walikuwa wamebaki wachache,
wanakohoa kwa Kiyidi,
wajukuu wao wanacheka kwa Kihispania barabarani.
Tulimzika mwezi wa Aprili, watu tisa na mvua.
Koti sijui lilikoishia. Niliuliza. Labda nondo.

Jana usiku, mimi mwenye mvi,
katika tamthilia isiyo na Mrusi wala Myahudi,
mjane wa nyanda za kusini analetewa kikombe.
Mtunza vifaa alisahau kutia chochote ndani.
Nikatazama ule ukavu, nikaona ufa mdogo chini.
Nikakishika ukingoni.
Nikapuliza, si sana.

Na huko nyuma kabisa, gizani, yule wa vitunguu,
nisiyemwona, nisiyemjua jina,
akavuta pumzi kwa meno
kama aliyeungua ulimi.