Chembe Moja ya Ukuta

Saa tisa usiku, Al Khoud, mwezi wa saba.
Nje joto limegoma kushuka,
kiyoyozi kinakoroma kama mgeni aliyeshiba,
nami nalipigia hesabu jua ambalo halijawashwa:
bangili ya moto, digrii milioni mia,
imeshikwa na sumaku isiguse popote.

Isiguse. Lakini hugusa.
Pembeni hulamba ukuta, kama mbuzi na chumvi,
na ukuta ni tungsteni, chuma kinachoyeyuka
mwisho wa vyuma vyote,
na bado hubanduka chembe.
Moja.
Inaingia, inavuliwa elektroni zake
kama bibi harusi anayevuliwa dhahabu usiku wa manane,
thelathini, arubaini, arubaini na tano,
na kila ikivuliwa inazidi kuvutwa kati,
kule hidrojeni ilikosongamana.

Ikifika kati haipigani na mtu.
Inang'aa tu.
Na huo mng'ao ndio wizi: joto linatoka nao,
nuru haijui sumaku,
moyo wa jua unapoa kama chai iliyosahauliwa.

Mundhir, meza ya pili, huuita uchafu.
Ndilo jina lake vitabuni, hana kosa.
Ila mimi nikiliandika neno hilo kwenye jedwali
namwona mama, sabini na tatu, ametoka Wete,
Nasor mgongoni, analia,
naye anambembeleza kwa Kiswahili
mbele ya wenyeji waliomlaki,
wakaulizana kwa Kiarabu, wakidhani haelewi,
kama damu hii bado ni safi.
Alielewa.
Akawamiminia kahawa.

Ijumaa nilimweleza kazi yangu.
Alikuwa anapuliza kichetezo, ubani haujashika,
makaa yamevaa majivu mpaka shingoni.
Nikasema: hata moto wetu una majivu, mama,
yanaitwa heli, yasipotolewa kwa mlango wa chini
yatauzima.
Akagonga kichetezo ukingoni, tok, tok,
wekundu ukachungulia.
"Majivu ni ya moto wenyewe," akasema,
"hakuyaleta jirani."
Kisha akaniuliza mshahara umepanda au vipi.

Sikumwambia habari ya neoni.
Kwamba gesi hiyo tunaileta sisi, kwa makusudi,
tunainyunyiza ukingoni, kiasi cha unyasi,
nayo inasimama kizingitini
inalipokea joto na kulitawanya
kuta zisiungue.
Ikizidi, inaingia ndani na kuharibu.
Ikipungua, sakafu inachomeka.
Hesabu ya kiasi hicho imenila miaka minne
na meno mawili ya nyuma.

Sasa kwenye kioo mstari mwekundu unapanda katikati:
tungsteni imejazana, jua langu linakufa mara ya kumi na moja.
Naongeza joto pale pale kati, kidogo,
msukosuko uamke,
ukoroge, usukume nje kilichotulia.
Nasubiri.
Naokota punje za halwa kwenye karatasi.

Sentimita tatu.
Chembe zimerudi nyuma sentimita tatu,
zimesimama hapo, hazitoki, haziingii,
sijui zinangoja nini.
Nimeandika daftarini: *tatu*, na alama ya kuuliza.

Simu inatetema. Mama, sauti ya usingizi:
"Makaa yamekwisha. Ukirudi pitia Sib.
Na usiniletee yale ya boksi, yana vumbi."