Eda ya Siku Kumi na Nne

Paundi hamsini na mbili zilitoka benki
usiku wa Jumanne, mimi nikiwa wodini
namgeuza mzee wa watu asije akaota vidonda.
Hazikupiga hodi.
Nimeziona siku ya kumi na sita,
kituo cha basi, Coventry, manyunyu,
simu imebakiwa na asilimia tisa.

Chama cha Kutunza Magofu.
Uanachama wako umejihuisha. Asante kwa kubaki nasi.

Umejihuisha! Wenyewe!
Kama magugu.

Kwetu mwari akiulizwa habari ya posa
akanyamaza, husemwa: karidhia.
Sawa. Lakini huulizwa.
Shangazi huketi ukingoni mwa kitanda,
swali hutamkwa, hurudiwa, hungojewa.
Mimi nani aliniuliza?
Barua pepe moja, imebanwa na matangazo ya magodoro,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
siku kumi na nne za kujitoa.
Hata talaka ina eda ya miezi mitatu,
mtu apate wasaa wa kujuta.

Nilijiunga mwaka jana, Mama alipokuja kutoka Korogwe.
Tiketi mbili za mlangoni, ongeza paundi kumi na tano,
ni mwaka mzima, wewe na mgeni wako:
kijana wa dirishani alijua hesabu kuliko mimi.
Mama akaizunguka ngome, mikono mgongoni,
akatazama juu, palipokuwa na paa sasa pana kunguru.
"Nyumba imeanguka, na wanatoza kiingilio?
Basi banda la marehemu babu yako ni mali."
Tukacheka hadi mlinzi akageuka.
Akala andazi lake juu ya ukuta,
makombo akayafunga kwenye leso.
Si kwetu hapa, alisema.

Dakika arobaini na moja za kinanda sikioni.
Kisha Bronwen.
Nikamtajia jina herufi kwa herufi:
S ya sukari, H ya hasira, hapana, H ya hodi.
Alilijaribu mara mbili. Ya pili alikaribia.
"Muda wa kusitisha umepita, Bi Shemweta."
"Najua."
"Na masharti uliyakubali."
"Niliweka tiki. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, mbele yangu mama yangu."
Nikasikia vidole kwenye kibodi,
nikasikia kijiko kikikoroga chai.
"Tangu kujihuisha, kadi umeitumia?"

Hapo.
Uongo ulikuwa tayari, umepigwa pasi,
unaning'inia nyuma ya mlango, wa kuvaa tu.
Jumapili iliyopita nimetoka shifti, usingizi sikuutaka.
Kadi ililia tii getini. Mwaka gani inaulilia, sikujua.
Niliketi juu ya ukuta uleule
na andazi la supamaketi lisilo na hiliki,
nikampigia Mama picha ya paa lisilokuwapo.
Akajibu: Hawajaezeka tu?

"Ndiyo," nikamwambia Bronwen. "Mara moja."

Akapumua.
Labda wengi humwambia hapana.
"Ngoja kidogo," na kinanda kikarudi palepale kilipoachia,
kana kwamba nacho kilikuwa kinaningoja.

Msimamizi amekubali.
Watakata kiingilio cha siku moja,
paundi kumi na nane na nusu. Zilizobaki zitarudi
siku tano hadi saba za kazi.
Na ile tiki, alisema, ameiondoa kwa mkono wake.

Khului, niliwaza kwenye basi:
mwanamke hutoa kitu, akajivua.

Zilirudi siku ya tisa.
Thelathini na tatu na nusu, na barua:
Tunasikitika kukuona ukiondoka.
Kwenye bahasha wamechora ngome,
na mchoraji, Mungu ambariki,
ameipa paa.

Zile kumi na nane na nusu sizidai.
Ukuta nimeukalia.