Kamba Mguuni

Nimemtoa Ruai, kwa Musyimi anayeacha ufugaji,
kichwa nje ya gunia, shingo imenyooka
kama ya mtu anayesoma vibao vya barabarani.
Tumefika Njiru saa kumi na moja, vumbi hadi kwenye kope.
Mguuni ana kamba ya katani, fundo la mtu asiyetaka kurudishiwa.
Kuku mgeni hakosi, walisema waliosema.
Bata mzinga naye, naona, hakusahauliwa.

Siku kumi na nne peke yake
katika bafu la zamani, lile lililobaki kuta na mlango.
Kijana wa mifugo alinielekeza kwa simu:
tazama kinyesi, sikiliza pua,
ukitoka kwake vua gambuti kabla ya kuwaendea wengine.
Nikainama, nikasikiliza pua ya ndege
kama nilivyosikiliza kifua cha mwanangu
Julai ile ya baridi.

Wenyewe huko nje walishajua.
Diwani, dume langu
(jina la jirani hilo, eti hutangulia watu bila kwenda popote),
alivimba akawa pipa,
kichwa kikaiva samawati, kikaiva chekundu,
akabwatia kila pikipiki.
Kiroboto aliendelea kuparura.
Shangazi hakuparura.

Siku ya kumi na tano, seng'enge kati yao.
Waonane, wasifikiane.
Shangazi akaja, akaweka shingo upande,
akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili,
kama mwenye duka na noti ya elfu.

Jumanne stima ikapotea mtaa mzima.
Nikasema ndiyo nafasi.
Nikambeba kifuani, mzito kama mtungi wa lita kumi,
moyo wake ukigonga kiganja changu,
nikampandisha kichanjani kando ya Kiroboto.
Wanasema ndege hawahesabu gizani;
wataamka wakidhani alikuwapo tangu jana.

Asubuhi walihesabu.

Shangazi alimshika ngozi ya utosi, akamburuta
hadi kwenye beseni, maji yakamwagika yote.
Nilipiga kelele kama mtu anayeibiwa.
Nikampaka dawa ya zambarau,
maana wekundu huwaita wengine,
nikatenga vyakula pembe mbili, maji pembe mbili,
nikatundika fungu la sukuma juu ya vichwa vyao
ili hasira iwe na kitu cha kurukia.

Nilipohamia ploti hii, mwaka ule wa mvua,
ndoo yangu ilisogezwa nyuma bombani mwezi mzima.
Hakuna aliyesema neno. Mguu tu, taratibu,
na plastiki ikikwaruza saruji.
Nilijifunza kuamka saa tisa. Nilijifunza kutosalimia kwa sauti kubwa.
Kisha siku moja Bosibori akaniuliza kama nina kiberiti,
ikaisha hivyo,
na sijawahi kujua kilichoisha.

Leo ni ya ishirini na nane.
Bado anakula wa mwisho.
Bado Shangazi humwondoa kwenye jua zuri, lile la ukutani,
naye huondoka bila haraka, kama aliyekuwa anaondoka tu.
Zambarau imefifia. Jina hana.

Saa nne mwewe alipita chini, juu ya tangi la maji.
Diwani akatoa sauti moja nyembamba, sikuwahi kuisikia kwake,
na wote wakaganda, shingo chini, ubavu kwa ubavu
chini ya ule mpapai mwembamba.
Nilihesabu vichwa: vinne.
Nikahesabu tena.

Mwewe akaenda zake Mwiki.
Shangazi akajikung'uta, akamdonoa mgeni mgongoni,
mara moja, si kwa nguvu,
akarudi juani.

Ile kamba ilikuwa bado mfukoni mwa aproni yangu.
Nikaifungia mnyanya uliolala.