Mwiko wa Shoto

Ujiji wanaiita kasri.
Mie niliona vyumba vinne na ua,
bati lililokuja baadaye,
na tao moja mbele limenuna
kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.
Halmashauri imenituma nikague nyufa.
Nina timazi, nina futi, nina daftari.

Bi Sikudhani, mshika ufunguo,
barua yangu ya muhuri hakuitazama mara mbili.
"Elfu mbili, mwanangu. Hata fundi ana macho."
Nikalipa. Akaandika risiti,
jina langu akalikosea.

Kisha akaanza maelezo, ameyazoea kama uradi:
tajiri aliyetoka Maskati,
pembe zilizolazwa hapa, frasila juu ya frasila,
mlango wa mninga, misumari ya shaba thelathini na sita.
(Nilihesabu. Imebaki kumi na tisa.
Mingine, anasema, iliondoka na wanunuzi wa vyuma chakavu.)
Zulia lilikuwa pale. Buli la fedha pale.
Mimi pua yangu ilipata popo
na mawese yanayochemka kwa jirani.

"Na waliozibeba hizo pembe?"
Akajifunga upya kanga.
"Hao hawakulala humu."

Timazi nikaitundika. Uzi ukatulia.
Ukuta umeinama upana wa kidole,
si mbaya kwa udongo wa umri ule;
nimejenga nyumba za juzi zinazoinama zaidi.

Chumba cha nyuma, juu ya shubaka la tatu,
chokaa imebanduka ikaacha tumbo la ukuta wazi.
Nikawasha tochi ya simu, nikaikaribisha ubavuni,
mwanga ulale, usisimame.
Ndipo nikaiona michirizi.

Kila fundi anajua:
mkono wa kulia una upinde wake,
kila lipu niliyoifunza vijana wangu imekwenda huko.
Hii ilikwenda kinyume.
Mpindo baada ya mpindo, kutoka dari hadi shubaka,
kinyume, bila kusita, bila kuomba radhi.

Nilikuwa darasa la pili, Kasulu,
mwalimu akanifunga huu wa kushoto
kwa kamba ya katani, nyuma ya kiti,
mpaka a, e, i, o, u zilipokubali kutokea kulia.
Kula nao mwiko. Kusalimu nao mwiko. Kumpa mkubwa kitu, mwiko.
Nilipoanza ufundi, chombo cha kwanza nilichopewa
kikaitwa mwiko.
Nikakishika kwa mkono uliokatazwa,
na hakuna aliyethubutu kusema, maana ukuta ulinyooka.

Nikapandisha kiganja kwenye ile michirizi.
Sijui aliitwa nani, alinunuliwa wapi,
au kama alilipwa hata kibaba cha mtama.
Kidole gumba kilikuta shimo dogo
mahali chake kilipopumzika.
Kikaingia.

"Unaangalia nini huko kusiko na kitu?"
"Lipu, bibi."
"Eti lipu! Na zulia hukulisikiliza."

Daftarini, safu ya Nyufa: tatu, si za hatari.
Safu ya Boriti: mbili zina mchwa.
Safu ya Marekebisho nikaikalia kidogo.
Kisha nikahamisha kalamu mkono,
na kwa herufi zinazoyumba kama za mtoto wa darasa la pili
nikaandika:
chumba cha nyuma, juu ya shubaka,
pasiguswe.

Bosi atauliza nani kaniandikia.