Usiku wa Ishirini na Nane

Machi tena, na Solange Vuillemin amerudi,
tope la mazizi ya Pontarlier bado viatuni,
saa ya babu yake kaifunga ndani ya soksi.
"Imesimama," anasema. Hasemi "tena."
Heshima yake hiyo ndiyo inayonichoma.

Mwaka juzi niliiosha, nikaitia mafuta kwenye yakuti.
Mwaka jana nilibadili springi,
nikailaza chali, kifudifudi, ubavu huu, ubavu ule;
mashine ya mapigo ikachora mstari mnyoofu
kama mshono wa cherehani mpya.
Nikaandika: haina kitu. Nikapokea faranga zake.

Mficha maradhi kifo humuumbua,
lakini huyu hakuficha. Kila mwaka alitaja siku yake:
Februari, ishirini na nane,
akrabu zimeganda dakika kumi kabla ya saa sita usiku.
Mimi nikashika moyo tu, sikusoma kalenda.

Leo nimefungua upande wa miezi.
Nje, theluji ya Le Sentier inaporomoka paani kwa mafungu.
Lensi jichoni, pumzi nimeifunga,
nasukuma miaka kwa ncha ya kijiti.
Aprili, Mei, mwaka mzima kabla kahawa haijapoa.
Mdomo wa wenzo unapanda thelathini na moja,
unashuka thelathini,
Februari ya mwaka mrefu unaingia, unatoka.
Februari ya kawaida, pengo lenye kina kuliko yote:
unaingia.
Hautoki.

Kumbe ndipo. Chini kabisa ya pengo,
unyuzi wa chuma, mwembamba kuliko mguu wa chawa:
tupa iliinuliwa kabla kazi haijaisha.

Ndani ya kifuniko mafundi wamekwaruza alama zao,
ndogo kama mayai ya sisimizi.
Ya tatu ni yangu.
Novemba, miaka ishirini na miwili, saa kumi na moja jioni,
Aurélien ananisubiri mlangoni na skii begani.

Na yule babu? Kila Machi mosi, nadhani,
aliisukuma kwa kidole, akavaa, akanyamaza.

Nimeulainisha. Februari nne zimepita bila kukwama.
Kwenye karatasi nimeandika: malipo, hakuna;
za mwaka jana na juzi, zirudishwe.
Umebaki mstari wa "chanzo."
Wino umekauka kwenye kalamu,
na Solange, nje, ameshawasha gari.