Kivuli cha Chini ya Picha

Picha thelathini na moja, ndani ya kopo la biskuti.
Nyuma ya kila moja muhuri wa zambarau:
Eutiquio Valbuena, Mpigapicha.
Harusi, Maiti, Vitambulisho.
Babu yake mama. Nimezifunga kwa mpira,
nikazitia mfukoni mwa koti,
nikakodi baiskeli yenye breki moja
niufuate mfereji wa Kastilia kuelekea kusini,
nitafute alipokanyaga.

Ya kwanza: lango la maji, bwawa lake umbo la yai,
mawe yaliyopangwa na wafungwa
ambao hakuna muhuri uliowataja.
Nasimama. Narudi hatua mbili. Nachuchumaa kidogo
mpaka kilima cha nyuma kikae juu ya ukuta kama kofia.
Hapa.
Leo maji yanapenya kwenye mbao zilizooza,
chururu,
na hakuna aliyekinga ndoo.

Ya nne: nyumbu watatu wanavuta tishari la ngano.
Kamba imekazwa hadi inafanana na mkwaruzo wa ukucha.
Kijana wa nyumbu hatazami kamera,
anatazama kwato, kama mtu anayelipwa kwa hatua.
Kona ya daraja bado ina alama:
mikato saba kwenye jiwe, laini kama ndani ya shavu.
Natia kidole, kinazama hadi kifundo cha pili.
Kamba, kitu cha nyuzi, ililila jiwe hili
polepole, bila hasira.

Ya tisa: barafu. Wanaume kwa miti mirefu
wanauvunja mfereji vipande vipande.
Mmoja anacheka na hana meno ya mbele.
Ningependa kujua alichoambiwa.

Ya kumi na mbili ina doa la kahawa
pale pale penye kinu cha unga.
Nimefika: kinu hakipo.
Kuna mibaruti, na korongo juu ya nguzo moja.
Doa lilitangulia kusema.

Ilikuwa saa kumi, jua mgongoni,
nimeinua ya kumi na saba mbele ya uso
nikilinganisha mipopla na mipopla,
kivuli changu kikaanguka majanini
na kuingia kwenye picha.
Kumbe kilikuwa na mwenzake.
Nilidhani ule weusi wa chini ni ukingo.
Viwiko viwili vimetokeza kama vishikio vya sufuria,
mikono imeshika kiboksi tumboni,
na chini ya kiuno kivuli kinapanuka
kama kengele.
Ncha ya aproni imepeperuka.

Nikazimwaga zote kwenye nyasi.
Ya pili: sketi. Ya nne: sketi, mbele ya kwato.
Ya kumi na nne: sketi, na tumbo la miezi minane,
mimba ya bibi yangu.

Kwenye nyumba ya mlinzi wa lango
mama mmoja, Honorina, anauza mayai.
“Eutiquio?” akasema, akipangusa mikono.
“Baba alikuwa akimcheka. Mtu yule aliogopa maji
hata ya kwenye beseni.”

Bibi yake mama aliitwa Saturnina.
Nyumbani tulirithi mambo yake mawili:
supu ya kitunguu saumu na mkate mkavu,
na kwamba alikataa katakata kupigwa picha.
Kila sikukuu mtu alisimulia, tukacheka:
alivyoinuka mezani,
alivyojifunika uso kwa kitambaa cha sahani.

Ya thelathini na moja haina kivuli,
siku hiyo kulikuwa na mawingu.
Mwanamume amekaa ukingoni, lakini mbali na ukingo,
hatua kumi nzima, miguu ameikusanya.
Ameshika kikapu cha mkewe kwa mikono yote miwili.
Naigeuza.
Muhuri wa zambarau, umegongwa sawasawa:
Eutiquio Valbuena, Mpigapicha.