Stesheni ya Nyuma ya Nyumba

Nyuma ya tembe letu pale Bahi,
kati ya shimo la taka na uzio wa minyaa,
mdogo wangu Njamasi alikuwa na stesheni.
Reli nyingine ilikuwepo, ya chuma, ng'ambo ya majaruba,
lakini ile, alisema, ni ya serikali tu.
Yake aliitandika kwa mabua ya uwele.
Mabehewa: makopo saba ya samaki,
na la nane la mafuta ya nazi, daraja la kwanza,
maana ukiingiza pua humo
umeshafika pwani.

Kengele ilikuwa jembe lisilo na mpini.
Aligonga, vumbi la Agosti likasimama wima
mithili ya askari, naye akatangaza:
Saranda! Itigi! Kwa Shangazi!
Tumboni mwa Mbuzi, dakika tano, msishuke!
Mwezini, wenye mizigo mlango wa nyuma!

Abiria walikuwa mbegu za ubuyu.
Huyu anakwenda kuoa.
Huyu kaiba kuku, msimwambie polisi.
Huyu mnene ni mjamzito, mpisheni dirishani.

Choo chetu kilikuwa upande wa pili wa reli.
Hakuna aliyevuka bila tiketi,
kipande cha mfuko wa saruji chenye alama ya mkaa.
Bibi alilipa karanga mbili, kwenda na kurudi,
na siku moja, kabanwa, kashika khanga kwa mikono miwili:
"Bwana Stesheni, nionee huruma!"
"Subiri, mama. Ya mizigo haijapita."
Na bibi, aliyezika waume wawili
na hakuwahi kumsubiri mtu,
akasubiri.

Mwaka ule uwele ulikauka ukiwa magotini.
Maji tuliyafuata alfajiri, tukarudi jua la utosi.
Nilikuwa na miaka kumi na mbili, shingo imezama mabegani,
nikajikwaa kwenye reli yake.
Ndoo nzima. Yote.
Ardhi ikayanywa kwa sauti.
Nikapiga teke. Nikapiga tena.
Makopo yakaruka hadi kwenye minyaa,
la daraja la kwanza likabonyea ubavu.

Nilingoja alie, ili nami nipate kulia.
Hakulia. Alilitazama lile tope
kama mtu anayesoma barua,
kisha akakimbilia jembe:
"Ajali! Ajali kilomita ya nne!
Mto umefurika, umebeba daraja!"

Mto.
Tangu Januari hapakuwa na mtu nyumbani
aliyethubutu kulitamka neno hilo.

Akapiga magoti, akawatoa mmoja mmoja,
akawaosha kwa mate, akawalaza kivulini.
"Bwana harusi mzima. Mjamzito mzima.
Mwizi wa kuku bado anatafutwa."
Halafu akaniinulia uso, mkali, kofia ya gazeti upande:
"Dereva, hukuliona daraja?"
Nikasema, sikuliona.
Akafikiri.
"Basi kapumzike. Umepewa likizo."
Akanikatia tiketi, bure, ya Kwa Shangazi.

Siku hizi anashona sare za shule Manyoni,
futi ya kupimia shingoni, miwani ya kusomea.
Nilimuuliza. Akauma uzi, akatabasamu:
"Reli? Mimi? Labda ulikuwa wewe, dada."
Sikubishana naye. Alikuwa na oda ya kaptula arobaini.

Mwezi uliopita nililala kwetu.
Tembe limeanguka, kuna nyumba ya bati,
minyaa imekatwa, shimo limefukiwa.
Choo tu hakijahama.
Usiku nikatoka na tochi, nikiharakisha,
na pale, katikati ya ua mtupu,
mguu ukasimama wenyewe.

Nikasubiri ya mizigo ipite.
Ilikuwa ndefu.